Bomba Niliyoikalia Pale Kashikishi

Ninyi munaofungua na kuziba pine za magari pale bandarini Kashikishi, siku niliyoweka vyuma vyangu chini mulisema Bambuya amechoka, mambo ya kompyuta yamemushinda. Nilisikia. Masikio yangu iko muzuri, ni magoti ndiyo mabaya. Mutu anaacha kazi ya pine kwa sababu ya magoti, hakuna sababu ingine. Basi nawaandikia namna nilitumika, na ile kesi ya mwisho ya pikap ya Bana Mwansa, juu naona kila mutu anaisimulia kwa kujipaka mafuta yeye mwenyewe. Naandika vile nasema. Mwenye kutaka Kiswahili cha darasani aende darasani.

Mie sikuzaliwa na chuma mukononi. Kule Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, si ya baharini, nilikuwa nauzisha bukari, ugali wetu, na samaki kando ya mahali Muzee Kasongo alikuwa anaziba pine. Vita ilipofika, tulipanda mutumbwi mumoja. Mie na Ester, mutoto wangu, mugongoni, yeye na gunia. Watu walibeba magodoro, wengine walibeba kuku. Muzee alibeba vyuma vya kufungulia pine, na kila wimbi likipiga, watu walimulalamikia atupe ile gunia majini. Alikataa. Alisema kama gunia inashuka, na yeye anashuka. Mume wangu alibaki kule, chini ya udongo, na sitaandika mingi juu yake hapa. Hii ni karatasi ya pine.

Tulipofika Kashikishi, Muzee alitandika gunia kando ya njia ya kuingia soko na akaanza kazi. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Chuma kiliruka, kikamupiga kwenye kidevu. Niliona mara ya kwanza, nikaendelea kusonga bukari. Mara ya pili nikaweka sufuria chini, nikamuambia, "Muzee, shika bukari, nipe chuma."

Akacheka. "Weye? Hii ni pine ya lori, mama. Si chungu."

"Chungu cha bukari ya watu wote wa soko unakijua uzito wake?"

Akanipa. Wabeba mizigo wa bandari wakasimama kutazama, wanaume wazima, wakaacha mizigo yao. Mumoja akasema, "Leo huyu mwanamuke atapasuka mbele ya pine." Nilikanyaga ile pine na visigino, nikaweka mate kwenye viganja, nikavuta. Ilinichukua muda mrefu, chitenge kilifunguka, nikakifunga tena, nikaendelea. Ilipotoka kwenye janti, kile chuma cha gurudumu, niliwatazama wale wanaume mumoja mumoja. Wakarudi kwenye mizigo yao. Tangu ile siku sufuria alishika Muzee, na vreman, kweli kabisa, bukari yake ilikuwa mubaya.

Vyuma vyake vilikatwa kutoka resori ya lori, ile springi ya chini, vikasuguliwa kwenye jiwe mupaka vikawa laini kama kijiko, sababu chuma chenye meno kinajeruhi mudomo wa pine. Munaonunua vile vya kung'aa vya dukani, vipitisheni kwanza kidole. Tulikuwa na karai ya maji ya ziwa, kipande cha sabuni, kipimo cha upepo na pampu ya mukono. Kama tundu ni dogo sana na maji hayaonyeshi povu, Muzee alilowesha mudomo wake wa juu na kuupitisha karibu na pine. Ngozi ya pale inasikia upepo ambao mukono hausikii. Nimebusu pine mingi kuliko wanaume, na pine hazikunidanganya.

Kitu kingine alinifundisha: ukifungua pine, kabla ya kutafuta tundu, ingiza mukono ndani uzungushe. Kama vidole vinatoka na unga mweusi, ile pine ilitembea bila upepo wa kutosha. Imejitafuna yenyewe. Ubavu wake umekunjwa kila muzunguko, umepata moto, na hata ukiujaza leo, utapasuka kesho kwenye lami, gari ikiwa imejaa. Hakuna kiraka kwa pine yenye unga. Unaikata mbele ya mwenye gari, ili asiende kuizibisha kwa mwingine.

Na kila kazi ikiisha, Muzee alikuwa na desturi yake. Alimuita mwenye gari, akafungua valvu kidogo mbele yake, upepo ukalia fyuu, kisha akapima na kujaza tena. Watu walimuona kama mutu wa kupoteza upepo wa bure. Alijibu, "Pine lazima ijibu. Kama haijajibu, sijui niliongea na nani." Alikufa kwa kikohozi, masikini, na gunia ikabaki yangu.

Kesi nilizoona ni mingi. Mutu wa kisiwa cha Chisenga alinivushia gurudumu la mukokoteni kwa boti, akilia kwamba halishiki upepo. Nilifungua, nikakuta majani makavu na kipande cha wavu vimeshindiliwa ndani. Nikamuuliza, "Upepo uliutaka ukae wapi, mukwai, bwana wangu?" Akasema aliyemuuzia alisema ni pine ya aina mupya. Kuna shofere alikuwa anapiga pine teke, eti anasikia kama imejaa. Nilimuambia apige teke tumbo la muke wake, aone kama atajua amekula nini. Hakurudi kwa muda. Kisha akarudi, na kipimo.

Halafu akaja Kabwe kutaka kujifunza. Alikuwa kijana mukubwa tayari, mushonaji wa nyavu, vidole vyake vilijua kazi ndogondogo. Nilimufundisha yote. Nasema wazi, sijaona mikono mizuri kama yake. Alipojua yote, alikwenda kufungua garaji yake kule Nchelenge, kwenye barabara ya boma, na kibao, na kompresa, na ile mashine ndogo ya kuongea na kompyuta ya gari. Sikukasirika hata kidogo. Bon, haya, kidogo.

Magari yalibadilika. Pikap za zamani kutoka Ulaya na Japani zilianza kuja na kaptere, kile kidude kinachokaa ndani ya pine, kwenye valvu, na kupima upepo. Upepo ukipungua, kinaambia gari, na gari linawasha taa ya rangi ya machungwa mbele ya shofere. Umbo la ile taa ni kama chungu na mwiko umesimama ndani. Watu walisema ni kazi ya wasomi. Niliwaambia, ni mudomo wa Muzee Kasongo huo, wameuweka tu ndani ya pine.

Sasa pikap ya Bana Mwansa. Bana Mwansa, yaani Mama Mwansa, ni mwanamuke mukubwa wa hapa soko, anaendesha mwenyewe, na pikap yake ndiyo inapeleka wamama na samaki mupaka mujini Mansa. Ni ya zamani lakini ina nguvu. Ester wangu anapanda ile pikap kila juma na beseni zake za samaki ya chumvi, na Neema, mujukuu wangu, mugongoni. Neema ana mashavu ambayo huwezi kuyakuta popote kandokando ya ziwa hili, na mwenye kubisha alete wake tuweke pamoja.

Ile taa ikawaka. Kabwe alikuwa amesafiri, kwa hiyo Bana Mwansa akasimamisha pikap mbele yangu. "Bambuya, Kabwe alinisimulia kwenye simu, anasema kaptere zimezeeka. Angalia tu, usiharibu."

Ni kweli kaptere zinazeeka. Betri iko ndani, imezibwa na gundi ngumu, huwezi kuibadilisha kama ya tochi. Ikikufa, unaweka kaptere mupya. Nikaanza na gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Wakati wa kufungua pine yenye kaptere, chuma kinaanzia mbali na valvu, sababu ukianzia pale unavunja kidude. Nilifanya vile, polepole. Nikafungua. Hakukuwa na kaptere. Kulikuwa na valvu ya kawaida ya mupira tu. Nikaingiza mukono, nikazungusha, vidole vikatoka vyeusi.

Nikafungua gurudumu lingine. Hakuna kaptere. Yote, hakuna. Nikakaa chini nikaitazama ile gari. Kwa muda wote huu, ilikuwa inasikia habari za pine zake kutoka wapi?

Tulitafuta mie na Bana Mwansa. Nyuma ya kiti cha shofere, imefunikwa na gunia, tulikuta bomba ya maji, ya plastiki, imezibwa huku na huku, na valvu moja ya kujazia. Nilipoitikisa, ilipiga kelele kama maharagwe ndani ya kopo. Kaptere zote zilikuwa mule. Mutu alizitoa ndani ya pine, akazifungia ndani ya bomba, akajaza bomba upepo. Gari ikawa inaamini pine zake ni nzima, milele. Pine moja ilikuwa inajitafuna, na taa ilikuwa imelala usingizi. Iliwaka sasa sababu tu betri zilikufa kwa uzee.

"Nani alifanya hii?" nikauliza.

Bana Mwansa akatazama ziwa. "Si ni mutoto wako, Kabwe."

Niliikata ile pine mbovu mbele yake, nikafunga ya akiba. Nikakusanya unga mweusi ndani ya kitambaa. Nikamuambia aagize Lusaka kaptere mupya, na aseme kwa sauti kwamba zinatakiwa zenye shingo ya valvu ya mupira, si ya aluminiamu, sababu aluminiamu inaliwa na chumvi ya samaki. Tukingoja, kila asubuhi nilikuwa napima pine zake mwenyewe na kipimo cha Muzee kabla ya Ester kupanda.

Kabwe aliporudi, nilipanda baiskeli ya taxi mupaka boma, na bomba kwapani. Garaji ilikuwa na watu.

"Mwapoleni, Mama," akasema, akifuta mikono.

"Sikuja kusalimiwa. Hii ni yako?"

Akaitazama bomba. Hakukana, hilo namupa. "Ni yangu. Mama, unajua mwenyewe. Samaki ya chumvi inatiririsha maji, maji yanapita kwenye matundu ya bodi, yanaangukia magurudumu ya nyuma. Chumvi inakula shingo za aluminiamu. Bana Mwansa alilala njiani Mbereshi, pine chini, samaki zikaoza, wamama wote wakaja hapa kunitukana mie na mama yangu muzazi. Nikaweka valvu za mupira. Taa ikawaka, nikatengeneza bomba. Tangu siku ile hakuna aliyelala njiani. Hakuna aliyekufa."

"Bado."

Nikachukua mukono wake, nikamwaga ule unga katikati ya kiganja. Alijua ni nini. Nilimufundisha mie. Kama tungekuwa sisi wawili tu, naamini mambo yangeishia pale. Lakini wateja walikuwa wanatazama. Akapangusa mukono kwenye ovaroli. "Kaptere mupya zikifika, wekeni ndani ya bomba, nitakuja na mashine niziandikishe kwenye gari. Zikiwekwa ndani ya pine, mashine yangu haiji. Sitatukanwa tena kwa sababu ya chumvi ya watu. Na Mama, pumzika. Hizi si kazi za sabuni na karai."

"Hutaki taa, sema hutaki taa," nikamuambia. "Vunja balbu, mutu ajue hana taa, apime kila siku na mukono wake. Lakini taa unayoifundisha kusema uongo, hiyo ni sumu." Nikachukua bomba yangu nikatoka. Ndiyo, nasema yangu.

Suala la chumvi lilikuwa la kweli, na mutu wa kazi hakatai kweli hata ikisemwa na adui. Nilimutafuta mutengeneza bati wa soko, tukakunja bati refu kama mufereji, tukalifunga chini ya bodi ya pikap ili maji ya samaki yatokee nyuma kabisa, mbali na magurudumu. Tulimwaga ndoo ya maji juu kujaribu. Magurudumu yalibaki makavu, miguu yetu ndiyo ililowa. Kiboksi cha Lusaka kilipofika na basi, niliweka zile kaptere ndani ya pine. Shingo ya mupira unaipaka sabuni, unaivuta kwenye tundu la janti polepole mupaka ikae na mulio mudogo. Usivute kwa hasira. Nilifunga yote, nikajaza, nikapima. Lakini taa ilibaki inawaka, sababu gari lilikuwa halizijui kaptere mupya. Kila moja ina namba yake, na mashine ya kuandikisha namba ilikuwa kwa Kabwe.

Siku ya kwenda Mansa ikafika. Wamama wamepanda, beseni zimepangwa, jua limeanza kuchoma samaki. Bana Mwansa akashuka.

"Bambuya, zamani taa ilikuwa imezima. Umetengeneza, na inawaka. Umetengeneza nini?"

"Pine."

"Pale kizuizi cha barabara polisi wakiona taa inawaka, watashusha watu wote. Kabwe anasema anakuja sasa hivi, ila ziwe ndani ya bomba. Nipe bomba. Toa vile vidude, weka mule, tuondoke. Gari ni yangu, si yako."

"Gari ni yako. Bomba utaipata siku nitakayosimama." Nikaweka ile bomba kwenye kigoda changu, nikatandika chitenge, nikaikalia.

Yangu we! Kelele zilizotoka juu ya pikap! "Bambuya, samaki inaoza!" "Muondoeni!" "Wee, nani atamuondoa, unaona ule uzito?" Mumoja akashuka kweli, akavuta ncha ya bomba. Nilimutazama tu, akaiacha. Muliokuwa pale munakumbuka, na muliocheka nawajua kwa majina.

Ester ndiye alikuja mwisho. Uso umekasirika, Neema amelala mugongoni. "Mama, unanipatisha haya. Hizi samaki ndizo karo ya shule ya watoto. Wape bomba yao."

Hilo liliniuma, siwezi kusema halikuniuma. Mutoto niliyemuvusha ziwa. Nilifungua kitambaa, unga ulikuwa umebaki kidogo kwenye mikunjo. Nikaupaka kwenye kidole, nikamuonyesha. "Hii ilitoka ndani ya gurudumu la nyuma, kushoto. Weye unakaa wapi kwenye ile pikap?"

Anakaa nyuma, kushoto, kila juma, sababu pale kuna kamba ya kushikilia. Alikua kando ya karai yangu, unga mweusi hahitaji kuelezwa. Aligeuka akaitazama pikap, akapandisha mukono nyuma akashika mugongo wa Neema. Kisha akatembea, akapanda, akashusha beseni yake ya kwanza. Halafu ya pili.

"Weye Ester, unafanya nini?" Bana Mwansa akapiga kelele.

"Nashuka. Bomba haitanibeba mie na mutoto wangu."

Mama aliyekuwa kando yake akauliza ni kitu gani, Ester akamuambia kwa Kibemba, maneno machache. Yule akashuka. Mwingine akashuka. Beseni zikawa zinashuka mupaka pikap ikabaki bodi tupu inayonuka samaki, na Bana Mwansa peke yake kwenye usukani. Akanitazama. Mie nilikuwa nimekaa.

Alimupigia Kabwe simu. Sijui kama nilisikia kila neno, lakini hili nililisikia: "Hapana ndani ya bomba! Ndani ya pine, na uje mbio, au nitatafuta mwenye mashine Mansa na sitapita tena mulango wako!"

Kabwe alikuja. Hakunisalimia, akainama chini ya pikap kwanza, akaona ule mufereji wa bati, akaugusa na kidole. "Nani alifikiria hii?" akauliza, ingawa alijua. Akapanda, akachomeka mashine, akaandikisha namba moja moja. Taa ikazima. Wamama wakaanza kunyanyua beseni.

"Wekeni chini," nikasema.

"Mama, nini tena?" Kabwe akauliza.

Nilisimama. Bomba nilimupa Ester aikalie. Nikapiga magoti, yale magoti mabaya, kwenye gurudumu la nyuma upande wa kushoto, nikabonyeza sindano ya valvu. Upepo ukalia. Kabwe alisimama juu yangu, na najua alikuwa anamusikia Muzee Kasongo, hata kama hakuwahi kumuona, sababu kila siku nilimulisha maneno yake. Upepo ukaendelea kutoka. Nikaendelea kubonyeza.

"Imewaka!" Bana Mwansa akapiga kelele kutoka ndani. "Imewaka, Bambuya!"

Wamama wakapiga vigelegele. Nimeishi miaka mingi kando ya magari na sijaona mahali pengine watu wanashangilia taa ya hatari. Kabwe aliburuta mupira wa kompresa yake aliyokuja nayo, akajaza ile pine, akapima, akapima tena na kipimo changu. Hakuomba musamaha na sikumuomba aombe. Alisema tu, "Iko sawa, Mama." Nikasema, "Imejibu." Ester akapanda, kushoto, nyuma.

Sikusimama vizuri tena baada ya ile siku. Magoti yalikataa, na nikaweka vyuma chini. Ndiyo hivyo, si kompyuta. Sasa nasikia kule boma, Kabwe haachii gari lenye kaptere kabla ya kutoa upepo mbele ya mwenye gari mupaka taa iwake. Anawaambia wateja ni utaratibu wa garaji yake. Aseme. Ninyi wa bandarini mufanye vilevile, na mukiona gari la zamani lenye taa ambayo haijawahi kuwaka hata siku moja, tafuteni nyuma ya kiti.

Na musisumbuke kuniuliza bomba iko wapi. Iko hapa nyumbani, chini yangu, kwenye kigoda kilekile. Mwenye kutaka kuirudisha ndani ya gari aje aichukue. Kutembea kumekuwa kugumu, lakini kukaa bado najua.